Nilivyokwenda Singapore Kumrudisha Mama

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye dukani au msikitini ananiuliza Mama yuko wapi. Wengine mnauliza kwa upole, wengine mnauliza huku mnachungulia kiti cha nyuma cha gari kana kwamba nimemficha humo. Nimejibu nusunusu mpaka nimechoka. Basi nawaandikia nyote mliokuwa mkija kumsalimia pale nyumbani Plano, pembezoni mwa Dallas, niwaeleze mambo yalivyokuwa, ili nisihojiwe tena kwenye harusi ya mtu.

Mnajua alikwenda kwa mdogo wangu Hadija kwa miezi mitatu tu. Hadija alikuwa akifanya kazi hapa hapa Plano kabla ofisi yao haijamhamishia Singapore. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikakaribia mwaka, na Mama akikaa nje zaidi ya hapo angeweza kupoteza haki ya kurudi kuishi Marekani. Kila nilipompigia simu alisema, "Nakuja mwanangu, inshallah, subiri kidogo." Mwisho nikaomba likizo hospitalini, nikamwambia Hadija ninakuja kumchukua.

Na niseme mapema, maana mtaliona tu: niliondoka na wivu. Mimi ndiye niliyekaa na Mama miaka ile ya mtaa wa Vickery Meadow, kule Dallas, tumebanana kwenye fleti ya chumba kimoja, nauguza watu usiku na kusoma mchana. Nilipopata nyumba yenye jiko kubwa na chumba chake mwenyewe, Hadija akamwita, naye akaenda. Hadija ni kitinda mimba. Tangu utotoni kwetu Tanga, yeye huja mwisho na kukuta kimeshaiva.

Plano hadi Houston

Siku ya kuondoka, Dallas ilinyesha mvua ya mawe. Ndege zote za jioni zikafutwa, na dada wa kaunta akaniambia nafasi iliyopo ni ya kesho yake asubuhi, kutokea Houston. Nikampigia Wanjiru, mwenzangu wa wodini, Mkenya wa Nakuru ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kicheko chake. Alikuja kunichukua bila kuuliza, akiwa na chapati na ndengu kwenye kopo, tukaingia barabara ya Houston mvua ikiendelea.

Saa nne za njia ni nyingi kwa watu wawili wenye midomo. Tulimsema msimamizi wetu, tukawasema waume wa watu, tukamaliza. Tulipokuwa tumeegesha kituo cha mafuta tunakula, Wanjiru akasema, "Saumu, nikuulize kitu na usikasirike. Unaenda kumchukua juu anataka kurudi, ama juu unaona vibaya akiwa kwa Hadija?"

"Ni mama yangu," nikasema.

"Kwani Hadija aliokotwa?"

Nilitafuna chapati yangu. Yeye akaendelea, taratibu, kama anavyozungumza na wagonjwa. "Mimi nilikuwa nikipita kwako mchana, wewe ukiwa kazini. Nilikuwa namkuta amekaa kwa dirisha. Namuuliza, mama, unaangalia nini? Ananiambia anaangalia magari."

Nilijua hayo. Nilijua pia habari ya siku aliyotoka kutembea. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na maisha yake yote alikwenda kazini kwa miguu. Mwezi wa kwanza pale Plano alijifunga mtandio wake akatoka kunyoosha miguu. Barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu upande ule, basi akawa anapita kwenye nyasi. Polisi akasimamisha gari, kijana mpole kabisa, akamuuliza kama amepotea. Akamrudisha mpaka mlangoni. Mama alinisimulia huku akicheka, lakini hakutoka tena.

"Safari hii nitapunguza zamu," nikamwambia Wanjiru. "Nitakuwa namtoa."

"Sawa," akasema, akawasha gari. Kuna namna Wanjiru anavyosema sawa ambayo huwezi kuibishia.

Houston hadi Tokyo

Kwa sababu ya kubadilishiwa ndege, chakula cha Waislamu nilichokuwa nimeagiza kilipotea. Mhudumu aliniomba radhi, akanipa trei ya nyama ya nguruwe, akaniomba radhi tena, akaichukua. Nilibaki na kipande cha tikiti. Jirani yangu alikuwa mzee Mvietinamu mwenye duka la samaki Houston, na muda wote alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Mwisho akaichukua trei yake, akahamishia kwangu wali wake na samaki wake wote, akabaki na mkate. Nikakataa. Akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba yeye huuza samaki kila siku, amechoka kuwaona.

Tulipomaliza akauliza ninakwenda wapi. Nikasema kumchukua mama yangu. Akauliza ni mgonjwa? Nikasema hapana. Akauliza, basi kuna vita huko? Nikasema hapana, ni mji mzuri sana. Akatafakari, akafunga mkanda wake, akalala. Nilikaa macho mpaka Tokyo nikimjibu kichwani mwangu, na kila jibu nililotoa halikuniridhisha.

Tokyo hadi Singapore

Pale Tokyo nilikaa lango lisilo langu kwa muda mrefu, nikisubiri kwa utulivu kabisa ndege ya watu wengine. Mfanyakazi mmoja akanijia, akainama, akatazama tiketi yangu, akainama tena, kisha akanitembeza mpaka lango langu upande wa pili wa jengo. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuombwa radhi na watu niliowakosea mimi.

Tulitua Singapore alfajiri. Nilikuwa na mpango: Hadija atakuja kunipokea kabla ya kwenda kazini, nitamkuta Mama nyumbani, amekaa, nitamkumbatia, naye ataanza kufungasha. Nilimwona hivyo kabisa, amekaa.

Nikatoka na sanduku langu. Pale kwenye kamba za wapokeaji, katikati ya madereva wenye vibao, alikuwa amesimama Mama. Peke yake. Baibui lake, mwavuli mfupi mkononi, raba nyeupe miguuni, na kadi ya treni imening'inia shingoni kwa kamba ya kijani. Nikaangaza macho nimtafute Hadija.

"Shikamoo, Mama. Hadija yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hadija amelala, alirudi kutoka kazini amechoka. Umekonda. Twende, treni haingoji."

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na nani vipi? Nimekuja."

Alilishika sanduku langu dogo akatangulia. Mama huyu, ambaye magoti yake niliyajua kuliko yangu, ambaye nilimpimia vidonge asubuhi na jioni, alikuwa anatembea mbele yangu na mimi ninahema.

Kituoni kila kitu kilikuwa kimepigwa deki kana kwamba mgeni alikuwa anatarajiwa, na sikuwa mimi. Watu walipanga mistari miwili pembeni mwa milango, wakaacha katikati wazi ili wanaoshuka washuke. Hakuna aliyesukuma. Mimi nilisimama katikati, na Mama akanivuta mkono wa baibui kunitoa njiani, kama nilivyokuwa nikimvuta yeye kwenye maegesho ya maduka ya Plano. Ndani ya treni nikatoa chupa ya maji, nikapiga funda. Mama akaweka kiganja juu ya chupa.

"Hapa hawanywi ndani ya treni."

"Ni maji tu."

"Hata maji. Funga."

Bibi mmoja wa Kichina mbele yetu alinitazama, halafu akamtazama Mama, na wote wawili wakatabasamu kidogo, kama wazee wanavyotabasamu juu ya mtoto wa mmoja wao. Nilifunga chupa. Donge la kwanza la siku ile nililimeza pale, bila maji.

Bedok

Hadija anakaa mtaa unaoitwa Bedok, kwenye fleti ya ghorofa ya tisa. Tulipofika alikuwa anatoka kwenda kazini. Tulikumbatiana mlangoni, akasema tutazungumza jioni, akakimbilia lifti. Nilioga. Nilipotoka bafuni Mama alikuwa amekwisha vaa raba.

"Utalala usiku," akasema. "Twende ukaone."

Kutoka mlango wa jengo mpaka sokoni, njia yote ina paa. Nilidhani ni paa la jengo fulani, lakini liliendelea, likakata kona, likavuka uwanja, likatufikisha. Mvua ilianza na sisi hatukulowa hata tone. Kila hatua chache kuna benchi, na kwenye mabenchi wamekaa wazee, wanasoma magazeti, wanacheza drafti, wanagombana. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliona wazee kumi pamoja Plano nje ya hospitali au msiba. Nilishikwa na wivu juu ya paa. Sijui kama mtu anaweza kulionea wivu paa la njia, lakini mimi nililionea.

Kwenye ukumbi wa chakula, vibanda vimejipanga pande zote na meza katikati. Mama akaenda kununua, akaniambia nitafute meza. Kulikuwa na watu wengi, ila nikaona meza moja tupu, yenye pakiti ndogo ya karatasi za kufutia mikono tu. Nikashukuru kwamba mji huu umefikiria hata hilo, nikaifungua, nikajifuta jasho, nikapenga na kamasi.

Punde si punde akaja bibi wa umri wa Mama, mfupi, hijabu ya maua, trei mkononi. Alisimama akanitazama. Akaitazama pakiti. Akasema kwa Kiingereza kwamba ile meza ni yake.

"Hapakuwa na mtu," nikasema.

"Kulikuwa na karatasi zangu."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa na hasira ya safari, na huenda ningemjibu vibaya kama Mama asingefika na trei yake. Mama aliweka chakula mezani akaanza kucheka, na yule bibi akaanza kucheka, wakashikana mikono. Kumbe hapa, ukiweka pakiti ya karatasi juu ya meza, meza ni yako, na hakuna atakayeigusa hata ukienda ukirudi. Na kumbe yule alikuwa Bi Salmah, jirani wa ghorofa ya saba, ambaye meza ile alikuwa ametushikia sisi.

Tulikula mkate wa kusukuma uliofanana na chapati zetu za Tanga, na mchuzi wa kuku, na chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu. Kilikuwa chakula kitamu kuliko nilichopenda kukubali. Bi Salmah ni Mmalei. Kiingereza chake kizuri, cha Mama kibovu, lakini wao hawakukihitaji sana. Walikuwa na lugha yao. Mama alinionyesha vitu mezani kama mtoto anayeonyesha daftari lake: meza, wao wanasema meja. Limau ni limau. Sabuni, sabun. Dunia ni dunia, bendera ni bendera. Mahali maneno yalipokwisha, walitumia mikono. Nami nikakumbuka kwamba kwenye nyumba yangu tulikuwa na Kiswahili chote, na bado mezani tulikuwa tunakula tukiangalia televisheni.

"Cikgu anafundisha vizuri sana," Bi Salmah akaniambia.

"Nani?"

"Mama yako. Cikgu." Akanieleza kuwa maana yake ni mwalimu. Alasiri wanawake wa jengo lao hukaa kwenye uwazi wa chini ya jengo kusoma Kurani, na Mama ndiye anayewasahihisha matamshi. Wote wanamwita hivyo.

Dallas nzima Mama aliitwa Mama Saumu. Nilikuwa ninajivunia.

Mjini

Adhuhuri tulikwenda mjini, sisi watatu, kwa sababu Bi Salmah hakuonekana mtu wa kuachwa. Walinionyesha msikiti wenye kuba la dhahabu, tukaswali, kisha wakanitembeza vichochoro vya maduka ya vitambaa na manukato, wamenitangulia, wameshikana mikono. Mimi nilifuata na mwavuli.

Tukafika barabara kubwa ya kuvuka. Moyo wangu ulianza kazi yake ya Dallas: nikapiga hesabu ya magari, nikajiandaa kumshika Mama kiwiko. Bi Salmah akatoa kadi yake ya wazee, akaigusisha kwenye mlingoti wa taa. Taa ya kijani ikawaka, na wale mabibi wawili wakavuka polepole, wanazungumza. Hawakuangalia taa. Nilipofika upande wa pili nikauliza kadi ile ni ya nini.

"Ukiwa mzee," akasema Bi Salmah, "unagusisha, taa inakungoja."

Pale Plano, taa ya kuvukia karibu na hospitali yetu huanza kuhesabu kabla hujaweka mguu barabarani. Niliyaona magari mengi ya kifahari yamesimama, yote kimya, yanamsubiri mama yangu amalize hadithi yake. Kitu kama moto kilinipanda. Si kwamba sikufurahi. Nilitaka niwe mimi niliyemfanyia hivyo.

Tulikaa kwenye kivuli tupumzike, na Mama akaenda kutununulia maji ya miwa. Nikabaki na Bi Salmah. Akaanza kunipangia: Jumapili nitakwenda nao bustanini, Jumatatu kwa binti yake.

"Jumamosi tunaondoka," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi na Mama. Nimekuja kumchukua."

Hakuna aliyenituma niseme. Ningeweza kungoja. Lakini nilitaka kumwona akilipokea, na nikamwona. Alikunja mwavuli wake, akaukunjua, akaukunja upya. Mama aliporudi na bilauri tatu, Bi Salmah alichukua yake kwa mikono miwili akashukuru, na kwenye treni ya kurudi akakaa kiti cha mbali, akitazama nje ambako hapakuwa na cha kutazama, kwani tulikuwa chini ya ardhi.

"Umemwambia nini?" Mama akaniuliza.

"Ukweli."

"Ukweli gani huo, ambao mimi mwenyewe bado sijaambiwa?"

Jioni, ghorofa ya tisa

Hadija alirudi na chakula, tukala watatu. Mama alipokwenda kuswali magharibi, nikamgeukia mdogo wangu, na yote niliyoyabeba kutoka Houston nikayatua. Nikamwambia amemteka mama kwa njia zenye paa na treni. Nikamwambia ni rahisi kumpendeza mzee kwa mji uliojengwa na watu wengine.

Hadija aliniacha nimalize. Halafu akacheka kidogo, bila furaha.

"Dada, unadhani yuko na mimi? Ninaondoka asubuhi, narudi hivi. Mama yuko na Bi Salmah. Nikija nyumbani mapema ananiambia nisubiri, ana darasa. Na akiwa hapa unajua anazungumza nini? Saa hizi Saumu ameamka. Saa hizi Saumu yuko zamu. Saumu hali mboga. Ananiita Saumu mara mbili kwa siku. Mwaka mzima nimekuonea wivu ndani ya nyumba yangu."

Tulibaki tunatazamana juu ya sahani chafu, watu wazima wawili.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mswala mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Mmemaliza kunigawana?" akasema. Akakaa baina yetu. "Saumu, nisikilize, na usilie kabla sijamaliza. Kwako sikukosa kitu. Chakula, dawa, kitanda kizuri. Lakini nilikuwa nasubiri. Asubuhi nasubiri uamke. Mchana nasubiri urudi. Jumamosi nasubiri mtu anipeleke dukani. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kusubiri mtu mwenye gari. Hapa nikichelewa kushuka, watu wananisubiri mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umechoka, mwanangu. Ningekuambia nini? Kwamba umechoka bure?"

Nikasema nitapunguza zamu. Nikasema nitahamia karibu na treni. Nilisema mambo mengi, na aliyasikiliza yote kwa heshima, akinipapasa mgongo, mpaka mimi mwenyewe nikasikia kwamba ninaomba kitu kwa ajili yangu.

"Haki ya kurudi Marekani itakwisha," nikasema mwishoni.

"Ikwishe," akasema Mama. "Nitakuja kama mgeni. Mgeni huandaliwa."

Kisha akavaa raba zake akashuka ghorofa ya saba, na alikaa huko kwa muda. Aliporudi alikuwa na bakuli la viazi vitamu vya nazi kutoka kwa Bi Salmah, na neno kwamba amenisamehe zile karatasi, mengine tutazungumza kesho.

Kurudi

Siku zilizobaki sina haja ya kuzisimulia moja moja. Nilimwomba radhi Bi Salmah, akanipeleka bustanini. Mimi na Hadija tulilala kitanda kimoja tukizungumza kama zamani. Sitawadanganya kwamba wivu uliniisha. Kila asubuhi nilipowaona wale wawili wanaingia kwenye lifti, ulikuja ukakaa palepale.

Jumamosi Mama alinisindikiza uwanja wa ndege, tena kwa treni. Nilidhani tutakaa pamoja mpaka niitwe. Tulifika mlango wa ukaguzi, akanisomea dua, akanishika uso kwa viganja vyote viwili. Halafu akatazama saa ya ukutani.

"Bi Salmah ana miadi ya macho hospitalini," akasema. "Wanamtia dawa, haoni vizuri baadaye. Hana wa kumshika mkono njiani. Utanisamehe, mwanangu?"

"Nenda, Mama."

"Ukifika, piga. Hata kama nimelala."

Akageuka. Mimi ndiye niliyekuwa na tiketi na sanduku, na bado nilisimama pale nikimwangalia yeye akiondoka, raba zake nyeupe zikipita katikati ya watu, haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Nilingoja ageuke. Nilikuwa na sauti ya kumfikia. Sikumwita.